Sabuni Iliyokazwa na Maji

Leonida alikuwa na namna yake ya kuishi na watu, nayo ilikuwa kufanya bila kusema. Asubuhi ile, alipoona akina mama wametoa sufuria ya harusi, ile kubwa ya alumini, wapikie sabuni, alishtuka. Alijua kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, ingeila sufuria ile mpaka itoboke. Hakusema. Alikwenda nyuma ya zizi, akaliviringisha nusu pipa la chuma lililokuwa la kunyweshea ndama, akalisugua kwa majivu na mchanga, akalipandisha juu ya mafiga. Mama Piusi alipotoka ndani na kulikuta limeshakaa, alisema, "Haya, pipa basi," akairudisha sufuria. Mambo yakaisha hivyo. Hakuna aliyekosolewa, na Leonida hakufungua mdomo.

Alikuwa amerudi kijijini kwao Buger kutoka chuoni Arusha, alikosomea kazi za maabara. Ajira ilikuwa bado, na mama yake alimwambia asikae ndani kama kuku anayeatamia. Aende akasaidie kikundi cha Mama Piusi. Mama Piusi, Selestina kwa jina la ubatizo, alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walioko bonde la pili, na kikundi chake kilijulikana mpaka Karatu mjini kwa sabuni ya mafuta ya alizeti. Hiyo walikuwa wameizoea. Unachanganya baridi, unakoroga mpaka mkono uchoke, unamwaga kwenye fremu za mbao. Lakini siku hiyo hapakuwa na alizeti. Palikuwa na mafuta ya kondoo, na kwa baridi ya Buger, ukungu wa msituni ukiwa bado umelalia mashamba ya mbaazi, mafuta ya kondoo huganda ukiwa unayatazama. Ilibidi yapikwe motoni, na kupika sabuni motoni hakuna aliyewahi.

Mwenye mafuta alikuwa ameketi juu ya gogo karibu na moto, shuka zake amezikaza kifuani. Jina lake Nasha, mke wa mfugaji wa Malambo, huko ng'ambo ya milima ya Ngorongoro. Alikutana na Mama Piusi kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Aliichukua sabuni yake, akainusa, akaigeuzageuza, akauliza imetengenezwa na nini. Alipoambiwa ni mafuta tu, alirudi kwao akiwa na wazo.

Huko kwao mafuta ya kondoo si kitu cha kuchezea. Mwanamke akijifungua huchinjiwa kondoo, na mafuta yake huyeyushwa akanywa ili nguvu zimrudie. Nasha alipita boma kwa boma akiwaomba wanawake wampe kila mmoja sehemu ya akiba yake, akiahidi kuirudisha ikiwa sabuni, ya kuogeshea watoto na ya kuuza. Wengine walimcheka. "Mafuta huliwa, Nasha. Tangu lini yakaogewa?" Lakini walitoa. Hata Nashipai, mke mwenzake mdogo, mwenye mimba ya kwanza na tumbo limeshashuka, alimpa kidumu chake.

"Ukiyapoteza, mimi ndiye nitakayelala chini bila mafuta," Nashipai alimwambia.

"Sitayapoteza," Nasha akajibu.

Mafuta yote hayo, ya maboma yote, sasa yalikuwa ndani ya pipa moja.

"Mama Lembris," Martha alimwita Nasha kwa jina la mwanawe wa kwanza. Martha alikuwa jirani yake Leonida, na ulimi wake haukuwahi kupewa likizo. "Ulilala njiani na mafuta yote haya kwenye lori. Fisi hawakukufuata?"

"Walifuata," Nasha alisema bila kucheka. "Nikawaambia yanakwenda kwenu, kwa Wairaqw. Wakarudi, wakasema hao watamaliza hata ngozi."

Akina mama walicheka mpaka Mama Piusi akalazimika kuacha kumimina kostiki. Aliimimina kidogokidogo, glovu mpaka kwenye kiwiko, kanga imefunika pua, huku Leonida akikoroga kwa mwiko mrefu wa mti. Mwanzo mchanganyiko ulikuwa kama uji mchafu. Kadiri moto ulivyoendelea ukatulia, ukashikana, ukaanza kung'aa kwa rangi ya asali. Leonida alipoinua mwiko, sabuni iliteremka polepole kwa kuteleza, pana na laini, na juu yake pakaonekana mng'ao kama wa kitambaa cha hariri kinapokunjwa na kukunjuliwa.

Mng'ao ule ulimgusa kumbukumbu fulani. Aliwahi kuusoma, lakini hakukumbuka wapi.

"Nzito," alisema Mama Piusi, akiitazama inavyojivuta. "Hii haitajaa kwenye pembe za fremu. Tuilegeze." Akainama, akainua ndoo ya maji ya moto.

Hakuna mwanamke pale ambaye angeshangaa. Ugali ukikaza, unaulegeza kwa maji ya moto. Uji ukikaza, maji ya moto. Tangu walipojua kushika mwiko hawakuwahi kuona chungu kinachokataa sheria hiyo. Lakini Leonida aliacha kukoroga. Palikuwa na mchoro aliouchora chuoni, mstari ukipanda na kushuka, na upande mmoja wa mchoro ule palikuwa na onyo kuhusu maji. Alifungua mdomo. Mama Piusi alikuwa mkubwa kuliko mama yake mzazi, tena wenzake wote wanamtazama, tena na mgeni yupo. Leonida alitazama huku na huku akitafuta kitu cha kufanya badala ya kusema, ndoo ya kusogeza, kuni za kurekebisha. Hakukiona. Akafunga mdomo, na maji yakaingia.

Alikoroga. Mzunguko wa kwanza mwiko ulikwenda vizuri. Wa pili ukawa kama umeshikwa na mtu kutoka chini. Wa tatu ulikwama.

"Koroga, mwanangu," alisema Mama Piusi.

"Nakoroga, mama."

"Mbona umesimama?"

Leonida alisukuma kwa mwili mzima. Sabuni haikuzunguka. Ilisogea yote kwa pamoja kama mnyama mmoja aliyelala, kisha ikarudi mahali pake. Martha akaja kushika mwiko naye, wakavuta wote wawili.

"Maji hayajatosha," alisema Mama Piusi, akaongeza.

Ndipo walipoona jambo ambalo hakuna aliyejua alipokee vipi. Maji yaliingia, na sabuni ikazidi kukaza. Ile rangi ya asali ikafifia, ikawa kitu kinachopitisha mwanga, kigumu na kinachonata, kama jicho la ng'ombe aliyechinjwa. Mama Piusi akaongeza tena, mkono wake sasa una haraka. Ikakaza zaidi. Leonida na Martha waliuegemea mwiko, na mpini ukavunjika kwa sauti kali iliyowarusha kuku uani. Kipande cha juu kikabaki mikononi mwao. Cha chini kikasimama wima katikati ya pipa, peke yake, hakitikisiki.

Martha alikitazama kipande kile. Mdomo wake ulijiandaa kwa mzaha kama kawaida yake. Mzaha haukutoka.

Mama Piusi aliishusha ndoo chini taratibu, kama inayoweza kulipuka. Alivua glovu moja, akaivaa tena. Moto ulisikika ukitafuna kuni.

Nasha alisimama kutoka kwenye gogo. Alikuja mpaka kwenye pipa, akachungulia, akanyoosha kidole karibu na kile kitu bila kukigusa.

"Imekufa?" aliuliza.

Martha alimtazama Mama Piusi.

"Ninyi mnajua. Niambieni tu. Imekufa?"

"Mama Lembris," Mama Piusi alianza, sauti imekuwa ndogo kama ya mtu mwingine, "mimi nimeweka maji tu. Maji matupu. Umeona mwenyewe."

"Nimeona."

"Sijawahi kuona kitu kikiwekewa maji kikawa jiwe."

"Hata mimi," alisema Nasha. Akarudi kwenye gogo lake, akaketi, akashika magoti. Hakulia wala kulalamika, na hilo ndilo lililowaumiza wenzake kuliko kilio. Leonida aliona vidole vyake vikihesabu shanga za bangili, moja moja, na alijua kwamba kila shanga ilikuwa mwanamke fulani na kidumu chake.

Leonida aliinama, akachukua kipande kidogo kilichorukia ukingoni mwa pipa. Alikibonyeza kati ya vidole. Kilirudi kama mpira. Alikiinua kwenye mwanga, na hapo kumbukumbu ikamwingia yote kwa mkupuo.

Chuoni palikuwa na somo walilolichukia wote. Liliitwa fuwele kioevu, yaani vitu vinavyotiririka kama maji ilhali ndani yake molekuli zimejipanga kwa utaratibu. Mkufunzi wao alipenda majina. Aliwaambia kuna mpango ambao molekuli zote zinaelekea upande mmoja lakini hazina safu, kama ng'ombe wanaokwenda mtoni. Huo unaitwa nematiki, kutokana na neno la Kigiriki la uzi. Na kuna mpango ambao zimejipanga safu kwa safu, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka linateleza juu ya mwenzake. Huo unaitwa smektiki, kutokana na neno la Kigiriki la kuoshea, kwa sababu watu waliuona mpango wa namna hiyo kwenye sabuni. Kisha akawachorea tabaka za sabuni zinapozidiwa maji. Zinakatika, zinajiviringa zikawa vijiti virefu, na vijiti vinafungana. Maji yameongezeka, alisema mkufunzi, lakini kitu kimekuwa kigumu zaidi. Darasa zima lilicheka. Mmoja akauliza kama hilo lingekuja kwenye mtihani. Lilikuja. Leonida alilijibu vizuri, akapewa alama zake, akalisahau, kwa kuwa hakuamini hata siku moja kwamba ni kitu kilichopo duniani. Alidhani ni maneno ya kujibia.

Na sasa maneno yale yalikuwa mbele yake, yamejaa nusu pipa, yamevunja mwiko.

Hakujua afurahi au aogope. Kwa sababu mchoro ule ulikuwa na kitu kingine pembeni, mshale mmoja na neno moja, nalo lilikuwa chumvi.

"Dada Martha," alinong'ona.

"Nini?"

"Nafikiri... nafikiri naijua hii."

Martha alimtazama, kisha akageuka akatangaza kama anayenadi nyanya mnadani. "Mama Piusi, Leonida ana neno."

Leonida alitamani ardhi ya Buger ipasuke. Macho yote yalikuwa kwake.

"Sema, dasi," alisema Mama Piusi. Neno hilo la kwao, la kumwita msichana, alilitumia mara chache, akiwa amechoka au akiwa anabembeleza. "Hapa hakuna mkwe wako."

Alijaribu kuanza na molekuli, ulimi ukamkwama. Alijaribu tabaka, akaona nyuso hazimwelewi. Basi akarudi kwenye namna yake ya kufanya. Aliingia ndani ya nyumba, akatoka na kanga za Mama Piusi zilizokunjwa, akazipanga juu ya benchi, moja juu ya nyingine. Akaweka kiganja juu ya rundo, akasukuma. Kanga zikateleza kwa urahisi, ya juu juu ya ya chini.

"Sabuni ilikuwa hivi," alisema. "Kabla ya maji. Mliona ilivyokuwa ikiteleza kwenye mwiko."

Akaenda kwenye kuni, akaubeba mzigo mmoja uliokuwa bado na kamba yake, akauweka kando ya kanga. Akausukuma. Haukuteleza hata ukuni mmoja. Mzigo mzima ulijikokota juu ya benchi.

"Sasa iko hivi. Maji yameingia katikati ya kanga, yakazidi, kanga zikajiviringa zikawa kuni, na kuni zimefungana. Tukiongeza maji, tunazidi kuifunga."

Mama Piusi alizitazama kanga zake, akautazama mzigo wa kuni, akalitazama pipa.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "ni mimi niliyeifunga."

Uso wake ulikuwa umeshuka vibaya. Kama Leonida angekuwa na njia ya kumtoa mama huyu kwenye jambo hili bila maneno, angeitumia.

"Mimi nilikuona ukiinua ndoo, mama," alisema. "Kitu kiliniambia siyo. Nikanyamaza. Kama ni kuifunga, tumeifunga wawili."

Mama Piusi alimgeukia. "Ulinyamaza kwa nini?"

"Niliona aibu."

"Aibu," Martha alirudia, akatikisa kichwa. "Huyu alisomeshwa Arusha kwa mbuzi wote wale waliouzwa, akarudi na aibu aliyoondoka nayo."

"Muache," alisema Nasha kutoka kwenye gogo. Alikuwa amesikiliza yote, macho hayajatoka kwenye mzigo wa kuni. "Kuni zinafunguliwaje?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Leonida alipiga magoti mbele yake, kwa sababu hakuweza kulisema amesimama.

"Kwa chumvi, yeyo," alisema, akimwita Nasha mama kwa lugha ya kwao Malambo. "Chumvi inayafukuza maji yaliyojiingiza. Kuni zinarudi kuwa kanga. Lakini ni chumvi nyingi. Si ya mkebe wa jikoni."

Wote walijua maana yake. Siku hiyo ilikuwa ya mnada Karatu, na duka la Buger lilikuwa limefungwa tangu alfajiri. Pipa likiachwa lipoe, lingekuwa kinyago cha mpira na kostiki ndani yake, kisichofaa kuguswa na mtoto. Chumvi nyingi pale uani ilikuwa moja tu, gunia alilolinunua Nasha jana yake alipopita Karatu, chumvi ya ng'ombe ya mumewe, limeegemezwa ukutani likisubiri lori la kurudi.

Nasha hakugeuka kulitazama.

"Umewahi kufanya?" aliuliza.

"Hapana."

"Umeona mtu akifanya?"

"Hapana. Niliichora tu."

"Uliichora." Nasha alivuta pumzi. "Nimetoka kwetu na mafuta ya wanawake na agizo la mume. Mafuta yameshakwenda. Unataka nirudi nimwambie Baba Lembris kwamba chumvi ya ng'ombe wake niliimwaga kwenye mafuta yaliyokufa, kwa sababu msichana aliichora."

Machozi yalimlenga Leonida, akayaacha. "Mimi sijui kama nitaweza kuifanya vizuri," alisema. "Lakini mchoro ni wa kweli, yeyo. Sikujua kwamba ni wa kweli mpaka leo. Mchoro ulisema maji yataikaza, na yameikaza. Naogopa kukuomba. Ila nikinyamaza tena, nitakuwa nimekuibia."

Nasha alimtazama usoni kwa kitambo kirefu, kama anavyotazamwa ndama asiyejulikana kama ataishi. Kisha alisimama, akaenda ukutani, akaifungua kamba ya gunia kwa meno.

"Niambie kiasi," alisema.

Waliyeyusha chumvi kwenye ndoo za maji ya moto mpaka ikakataa kuyeyuka zaidi. Kwa kuwa mwiko ulikuwa umevunjika, Martha alileta mchi wa kutwangia mahindi ya makande. Leonida alisema ile ndoo ya kwanza iingie kidogo, ukingoni. Mchi ulikita kwenye kile kitu kama kwenye udongo wa mfinyanzi. Wakamimina. Wakakita. Hakuna kilichobadilika, na Mama Piusi aligeuza uso asitazame.

Kisha kikaanza kukatika. Kilikatika vipande, vipande vikakatika vipande. Uwazi wake ukapotea, weupe ukaingia, na maji meusi yenye harufu mbaya yakaanza kujitenga katikati. Ghafla pipa zima lilijaa punje na mabonge, limetengana vibaya, hakuna anayeweza kuliita sabuni wala mafuta.

Martha aliacha kukita. "Mama yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa ndiyo imekatika kabisa."

Mama Piusi aliketi chini palepale, kwenye majivu, na kanga yake safi. Leonida alisimama na ndoo mkononi. Mchoro ulikuwa na mistari tu. Haukumwambia kwamba ingeonekana hivi, chafu na iliyovunjika. Alifikiri, nimemwaga chumvi ya mtu. Nimemwaga mafuta ya wanaojifungua. Nilipofungua mdomo mara moja tu maishani mwangu, nimefanya hivi.

Nasha aliinama juu ya pipa. Alichota punje kwa ukuni, akazipuliza, akazitazama zinavyoelea juu na maji yanavyobaki chini. Uso wake ulibadilika.

"Hii naijua," alisema.

"Unaijua?" Leonida aliuliza.

"Ni maziwa. Maziwa yakiganda, ya juu yanakuwa mazito, maji yanakaa chini. Ninyi hamgandishi maziwa?" Akawageukia, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kulikuwa na kitu kama kicheko kwenye macho yake. "Wairaqw, mna ng'ombe wa nini? Yaacheni yatulie. Maziwa hayakorogwi yakiwa yanagawanyika."

Waliyaacha. Walipunguza kuni. Wakaketi wote wakizunguka pipa, na jua likapasua ukungu, na polepole ule uchafu ukapanda, ukaungana, ukawa utando mzito mweupe juu ya maji meusi. Waliuchota, wakayamwaga yale maji kwenye shimo, mbali na mifugo, wakaurudisha utando ndani ya pipa lililosafishwa, juu ya moto mdogo. Uliyeyuka nusu tu. Ulikuwa na chembechembe, mkavu, unavunjikavunjika.

"Sasa unahitaji maji," alisema Leonida, na aliposikia maneno yake mwenyewe akaogopa. "Kidogo sana. Kanga zinahitaji maji kidogo ndipo ziteleze."

Alimpa Mama Piusi birika.

"Mimi?" Mama Piusi alirudisha mikono nyuma. "Mimi sishiki maji tena karibu na kitu hicho. Mimina mwenyewe."

"Mimi nitakuwa nakoroga, mama. Jicho langu liko kwenye mchi. Wewe ndiye mwenye mkono wa kupikia watu wengi."

Mama Piusi alielewa alichokuwa akipewa. Alilishika birika kwa mikono miwili, kama kikombe cha misa. Alimimina kama mtu anayemnywesha mgonjwa. Leonida akakoroga. Tena kidogo. Chembe zikaanza kuyeyukiana. Tena kidogo. Mchi ulikuwa mzito, ukawa mwepesi, na kisha Leonida alihisi mikononi kile alichokihisi asubuhi bila kukijua. Kitu kiliteleza. Aliinua mchi. Sabuni iliteremka kutoka kwake pana, nyororo, kwa mng'ao ule wa hariri, ikajilaza juu ya nyingine bila kuvunjika.

"Basi, mama," alisema.

"Basi?"

"Basi. Hata tone."

Mama Piusi alilitua birika, akafunika uso kwa kanga. Mabega yake yalitikisika. Hawakujua kama anacheka au analia, na hawakumuuliza.

Waliimwaga kwenye fremu ikiwa moto, ikajaa mpaka kwenye pembe. Haikuwa nyeupe kama ya alizeti. Chumvi ya ng'ombe ilikuwa imeiachia rangi ya kijivujivu, rangi ya ngozi ya punda. Nasha alilala Buger siku ile akisubiri ishikane. Asubuhi alikata kipande cha ukingoni kwa kisu chake kidogo. Walimwambia kisiguswe na maji wala mtoto mpaka mwezi ugeuke. Sabuni nyingine ilibaki kwenye fremu ikomae; kipande akakifunga kwenye pindo la shuka. Hicho kilikuwa cha Nashipai, ashike kwa mkono kwanza, aone kwamba mafuta yake yapo.

"Na Baba Lembris?" Martha alimuuliza. "Utamwambia nini kuhusu chumvi?"

"Nitamwambia nimeikopesha." Nasha alimtazama Mama Piusi. "Na kwamba aliyekopa ana sauti kubwa, hawezi kujificha."

Mama Piusi alisema chumvi ingepanda lori lijalo yeye mwenyewe akiwa ameikalia.

"Ile hali ya kuni," Nasha alimgeukia Leonida. "Kwa Kiswahili inaitwaje? Wataniuliza. Nikiwaambia tu imekaza, watasema nilijisahau."

Leonida alitafuta. Mkufunzi aliwapa majina ya Kigiriki na ya Kiingereza. La Kiswahili hakuna aliyewahi kuwapa. "Haina jina," alisema. "Nadhani ndiyo hilo tu. Kuni. Na nyingine, kanga."

"Shuka," alisema Nasha.

"Haya, shuka."

Wakati wanasema hayo, Martha alikuwa ameanza kuosha vyombo. Pipa lilikuwa bado juu ya mafiga, na ndani yake, chini kabisa, palikuwa na sabuni laini iliyobaki, ya kutosha fremu moja zaidi, imeyeyushwa tena alfajiri na kufunikwa kwa gunia isipoe. Martha alifunua gunia, akauinua mchi juu yake ausuuze, na mkono wa pili ukainua ndoo.

"Acha!"

Sauti ilitoka kwa nguvu iliyowasimamisha wote. Kuku walitawanyika. Ng'ombe zizini waliinua vichwa. Martha aliganda na ndoo hewani, mdomo wazi, akigeuka taratibu kutafuta ni nani aliyepiga kelele vile, na alipomwona ni Leonida, mkono ameunyoosha, uso umemwiva, ndoo ilimponyoka ikamwagika miguuni.

Leonida mwenyewe alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka, kama mtu aliyesikia mlango wa nyumba yake ukifunguliwa kutoka ndani.

"Sidai," alisema Nasha kwa lugha yake, yaani vizuri. Akajitwisha kifurushi chake. "Sasa naweza kuondoka."